Kadi ya Damu ya Sangeru

Nchi ya Sangeru ilikaa juu ya milima miwili: mmoja wa watawala, uliojaa makasri yenye kuta nyekundu kama pilipili iliyoiva, na mwingine wa watawaliwa, ambako hata jogoo aliwika kwa kujivuta. Mtawala wake aliitwa Mshiba Mkuu, mtu wa uso mwekundu na shingo nene, aliyeamini kwamba nchi ni mwili na yeye ndiye moyo wake. Kila mwaka, Siku ya Kikombe, kila raia alinyoosha mkono na kutoa kikombe kimoja cha damu, kikapandishwa kasrini, naye Mshiba na mawaziri wake wakakinywa kwa asali. Maini yote ya machinjioni nayo yalipanda huko huko. Watu wa mlima wa pili wakala mihogo mikavu na chai ya rangi, wakapauka viganja, wakahema kwa kupanda ngazi tatu, wakamega udongo wa kuta na kuutafuna. Na hakuna hata mmoja aliyeitwa mgonjwa.

Hakuna, kwa sababu ya Kadi, karatasi ngumu iliyopakwa rangi ya damu timamu. Tone la damu liliwekwa kando ya rangi yake, na likilingana nayo, mtu huyo ni timamu na atatoa kikombe. Kila damu ya watu ilipopauka, Waziri wa Kadi aliamuru rangi ya Kadi nayo ipauzwe kidogo, isije ikawavunjia wananchi heshima. Sasa utimamu wa Sangeru ulikuwa na rangi ya maji yaliyooshea nyama.

Kisanji, mpimaji wa damu, aliyajua hayo yote akanyamaza miaka ishirini, mpaka dada yake Zawena, mwenye mimba ya miezi saba, alipokuja kupimwa siku moja kabla ya Kikombe.

"Kaka, mbona unanifunua kope kama mnunuzi wa mbuzi?"

"Tulia wewe. Ukuta wa jikoni kwako nani kautafuna?"

"Panya."

"Panya mwenye mimba?"

Zawena akacheka, kicheko kikamkata pumzi, akashika kifua. "Moyo unakwenda mbio hata nikikaa, kaka."

Kucha zake zilikuwa zimebonyea kama vijiko. Kisanji akamchoma kidole, akalitandaza tone kwenye kioo, akainamia hadubini. Alikwisha kuona chembe zilizopinda kama mundu, za wale waliozaliwa nazo. Alikwisha kuona zilizovamiwa na vijidudu vya malaria. Za Zawena zilikuwa ndogo, nyeupe katikati, kama pete zilizokosa kito. Ilikuwa damu yenye njaa ya madini ya chuma. Akitoa kikombe kesho, leba ataingia, hatatoka.

"Kadi inasemaje?" Zawena akauliza.

"Timamu."

Akaichukua Kadi kwapani, akapanda kasrini.

Alimkuta Mshiba amelala na kitambaa cha maji usoni, akijikuna kwa hasira kama kila atokapo kuoga maji ya moto.

"Mtukufu, Kadi inadanganya."

"Umelewa, Kisanji?" Waziri wa Kadi, aliyesimama kando ya kitanda, akadakia. "Miaka thelathini haijamkuta mgonjwa! Nitajie nchi nyingine yenye afya namna hiyo."

"Acheni kelele, kichwa kinapasuka," Mshiba akanguruma. "Nipime mimi kwanza."

Tone lilitoka kwa uzito, jeusi jeusi kama zambarau, likakataa kutambaa. Waziri akalitafuta kwenye Kadi, asilione, akaigeuza Kadi nyuma.

"Simo?" Mshiba akauliza.

"Damu yako imezidi, Mtukufu. Ni nzito, ndiyo sababu ya kichwa kuuma na kuwashwa. Siku moja itaganda njiani. Dawa ni kuipunguza."

"Mpaka wapi?"

"Sheria ni yako. Mpaka ilingane na Kadi."

Mshiba akaitazama ile rangi, akaruka kitandani. "Hii ni rangi ya maiti!"

"Ni rangi ya dada yangu, Mtukufu."

Mshiba akaamuru nyekundu ya zamani irudishwe kwenye Kadi, apunguzwe mpaka hapo tu, na vikombe visubiri mpaka Kadi iwe tayari. Lakini makopo ya rangi yalikuwa yamekauka, mpakaji alikwisha kufa, na Sangeru nzima haikuwa na damu ya rangi hiyo ya kuiga. Nyekundu ile ilibaki machoni mwa Kisanji peke yake.

"Tutaipata njiani, tukipunguza yako," akasema. "Ikifika nitasema. Na maini, Mtukufu, ni mwiko kwako na kwa wote wanaokula nawe."

Maini yakaanza kushuka mlima. Kila Ijumaa mkono wa Mshiba uliwekwa juu ya beseni. Tone la zambarau likawa la rangi ya damu ya mzee, kisha likachangamka. Na Ijumaa ya nne likatoka jekundu safi, jekundu la kupendeza.

"Ndiyo hiyo?" Mshiba akauliza, midomo imeanza kupauka.

Kisanji akalitazama. Kule chini Zawena alikuwa amebakiza mwezi mmoja kujifungua, na Kadi ikiwa tayari vikombe vingerudi.

"Bado," akasema, akalisogeza beseni karibu.