Piko Isiyofutika

Je, piko iliyopakwa siku ya Idd yaweza kudumu unyayoni miezi mitano, ilhali ya mguu wa pili imefutika zamani? Zulekha aliushikilia mguu wa shangazi yake mapajani pake, akalikodolea macho doa la unyayoni.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu, Mlimani. Jumamosi hushuka Kariakoo kuwapaka wanawake piko chumbani kwa shangazi yake, Bi Mgeni, muuza vitenge. Tangu biashara ya bidhaa za nje ilipopata ruksa, pakiti za piko zilijaa madukani, na hina ya kutwanga ikabaki ya wazee. Siku hiyo majirani watatu walisubiri zamu mkekani. Baada ya wiki mbili Bi Mgeni angemwoza bintiye, na mama wa bibi harusi hachezi ngoma na nyayo tupu.

"Mbona umeganda?" aliuliza Bi Mgeni. "Paka juu yake, kama siku zote."

Kama siku zote! Mara tatu, ya mwisho siku ile ya Idd, Zulekha alikuwa amechora ua juu ya doa lile, akidhani ni masalio ya piko ya nyuma. Sasa alilisugua kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikatoka nyeupe. Doa lilizidi kifungo cha shati, jeusi upande mmoja, kahawia upande wa pili, kingo zake zimepindapinda.

"Shangazi, hii si piko."

Bakili, mwenye duka la dawa orofa ya chini, aliitwa. Akachungulia kutoka mlangoni, akacheka. "Chunjua hilo. Matone mawili ya maji ya betri, kwisha!"

"Mguu wangu gari, we Bakili?"

Wanawake wakaangua kicheko. Zulekha hakucheka. Alimvisha shangazi yake kandambili, wakaenda Kisutu, kwa Daktari Darshana, aliyefungua zahanati yake mara hospitali za binafsi ziliporuhusiwa tena.

Daktari alilitazama doa kwa kioo cha kukuzia, kisha akataka kuona na mguu wa pili, kucha, katikati ya vidole, hata mgongo.

"Ni saratani?" Bi Mgeni aliuliza, kama anayeuliza bei ya doti.

"Kwa macho siwezi kusema, mama. Madoa mengi yasiyo ya kawaida si saratani. Lakini hili limekua, lina rangi mbili, na liko unyayoni, ambako kwa watu weusi saratani ya namna hii hupenda kujificha. Tutalikata lote kwa ganzi, pamoja na ukingo mdogo wa ngozi nzima, likapimwe kwa hadubini."

"Na likichomwa?" Zulekha alidakia.

"Hapatabaki cha kupima. Juu patapona, chini pengine linaendelea."

Zulekha aliitazama mikono yake. Maua matatu! Kwa mikono hiyohiyo alilifunika.

"Majibu yakiwa mabaya je?" aliuliza.

"Tutakata zaidi, na tutachunguza tezi za kinena. Yakiwa mazuri, bado nitataka kuiona ngozi yake kila baada ya miezi michache. Majibu huchukua kama wiki tatu. Na huo mguu usiutumie kukanyaga kwa wiki mbili."

"Wiki mbili!" Bi Mgeni aliruka. "Nina harusi, Daktari. Hatuwezi kungoja ipite?"

"Pengine wiki mbili hazitabadili kitu. Pengine zitabadili. Mimi sijui, mama, na atakayekwambia anajua, anakudanganya."

Walirudi Kariakoo. Majirani walikuwa bado mkekani, chai imewaishia. Bakili naye alisimama mlangoni na kichupa cha maji ya betri.

"Nililifunika mimi, shangazi," Zulekha alisema. "Mara tatu."

"Ulifunika, na wewe ndiye uliyefunua. Nyamaza." Bi Mgeni aliketi, akauinua unyayo wake ili wote waone. Hakuna aliyecheka.

"Nisikilizeni. Jumatatu nakwenda kukatwa doa hili, lote, likapimwe. Harusi haiahirishwi. Ngoma nitaitazama nikiwa kitini, na piko nitapakwa mikononi tu."