Kiungo cha Nje, Gurudumu la Kulia

Alhamisi alasiri Bahgat alilipeleka gari lake kwenye kiwanja cha chemchemi kavu, mjini Zagazig, akamkuta Usta Fikri, fundi, akipangusa sahani ya maharage kwa kipande cha mkate. Gari lilikuwa dogo, la mraba, rangi ya maziwa yaliyoungua, na kwa umri lilistahili kuamkiwa shikamoo.

"Usta, litanifikisha Kairo kesho?"

"Kairo kuna nini?"

"Mwenyekiti wa ushirika. Nikamdai nyumba yangu. Nisiporudi na funguo, Haji Abdel-Maugud anarudisha pete."

Usta alilijua jambo hilo, kama mtaa mzima ulivyolijua. Bahgat na Nashwa, binti wa Haji, walikuwa wachumba tangu enzi Bahgat ana nywele. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tano ya jengo la Ushirika wa Vijana, pale pale kiwanjani. Jengo lilikuwa limeishia ghorofa ya tatu, nondo zimesimama juu kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Kwenye ghorofa ya tano walipita njiwa.

Fundi akajilaza chini ya gari. Mpira unaofunika kiungo cha ekseli ulikuwa umechanika, na grisi imeruka hadi ndani ya gurudumu.

"Kimekufa?" aliuliza Bahgat.

"Mpira kuchanika ni mashtaka, si hukumu. Panda, tusikilize." Akaketi kiti cha abiria, akashusha kioo. "Kata usukani kushoto mpaka mwisho. Polepole. Izunguke chemchemi."

Tak. Tak-a-tak. Tak.

"Unasikia? Ukikata kushoto, uzito wote unaliangukia gurudumu la kulia. Kiungo cha nje. Gololi zake zimekula njia mpaka zimechoka."

"Na cha ndani?"

"Kanyaga mafuta. Achia. Pamegonga 'du'?"

"Hapana."

"Basi cha ndani kizima. Usiende Kairo na hiki, utarudi umebebwa. Endelea kuzunguka, nithibitishe."

Sasa, Alhamisi ndiyo siku ya harusi, na gari linalozunguka kiwanja kwa mdundo wa tak-a-tak ni gari la harusi. Umm Shauqi, muuza achari, akatoa kichwa dirishani na kupiga vigelegele. Dirisha la pili likajibu. Mwenye mkahawa akatoa viti. Hakuna aliyeuliza nani anaoa, kwa kuwa kuuliza hivyo ni kuwatukana wenye shughuli. Wakatazama tu nani ameshika usukani, wakamfuata mchumba wake.

Nashwa alishuka na mikono ya unga. Nyuma yake akaja Sheikh Basyuni, mwozeshaji, kisha Haji Abdel-Maugud amevaa kandambili, anafoka.

"Nilisema nyumba kwanza! Nyumba iko wapi?"

"Ingia basi, Haji, ugombane umekaa," alisema Umm Shauqi, naye keshashuka, akamsukumia kwenye kiti cha nyuma pamoja na Nashwa na Sheikh.

Mzunguko uliofuata gari likaacha ardhi kwa kimo cha kuku.

"Sasa hii ni nini, Usta?" aliuliza Bahgat.

"Kiungo kikilegea sana, mbele kunakuwa kwepesi. Usinyooshe usukani."

Likapanda likizunguka, tak-a-tak, likapita balkoni ya Umm Shauqi, ghorofa ya tatu, nondo. Sheikh alishika kilemba. Nashwa alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Walipofika usawa wa ghorofa ya tano alifungua mlango, akashuka, akasimama.

"Jiko hili hapa," alisema. Akatembea hatua chache. "Sebule. Bahgat, si uliniambia ni kubwa?"

"Kwenye ramani ilikuwa kubwa."

Haji alishuka kwa tahadhari, akakanyaga hewa kwa kisigino, akasikiliza. "Imenyooka," alisema. "Kwangu ukiweka chungwa sakafuni linakwenda chooni lenyewe."

"Kwa hiyo, Ami?" Bahgat aliita toka kwenye usukani, akipita.

"Kwa hiyo nini? Sheikh, ozesha kabla sijatafuta dosari."

Ndoa ikafungwa, bwana harusi akiitikia kila alipopita mbele ya Sheikh. Sharubati ilipandishwa kwa kikapu cha kamba.

Ndipo Usta Fikri akatoa hukumu. Akibadilisha kiungo, gari litatulia chini, na sakafu itakwenda nalo. Asipobadilisha, siku moja kitakatika, na sakafu itakwenda nacho. Wanaume wa mtaa wakapeana zamu za usukani, gari lisiache kuzunguka. Usta alipanda kila asubuhi kupaka grisi, na Nashwa akawaelekeza madereva toka juu: "Sogea kushoto kidogo, chumba kimeingia kwa jirani!"

Jumapili mwenyekiti wa ushirika alikuja mwenyewe, na mpiga picha. Akatazama juu, ambako Nashwa alikuwa akianika mashuka. Bahgat alichungulia akamwambia kwa heshima zote kwamba chini yao hakuna ghorofa ya nne.

"Itakuja, mwanangu," alisema mwenyekiti. "Hongera."

Adhuhuri ukutani palitundikwa kitambaa: GHOROFA YA TANO IMEKABIDHIWA, WAHI YA SITA. Foleni ilifika msikitini. Haji Abdel-Maugud alikuwa mle, anamtafutia nyumba binti wake mdogo.

Wachumba wengine walikwenda moja kwa moja kwa Usta Fikri na magari mazima, wakamwomba ayaharibu kiungo cha nje, kulia. Aliwasikiliza mmoja mmoja, magari yakizunguka chemchemi kimya kabisa. Akawaambia kiungo hakiharibiwi, huchakaa chenyewe kwa miaka, nao wasubiri tu. Wakakubali bila ubishi. Kusubiri walikuwa wanakujua.