Mtani wa Nani?

Kwao Ujerumani, Anselm alikuwa mwandishi wa vitabu vya watoto ambaye watu huanza kucheka kabla hajafungua kinywa. Tabora alikuwa na siku tatu, na hajachekwa hata kwa bahati mbaya. Katika shule mbili alisoma hadithi ya kiboko aliyeogopa maji. Watoto walisikiliza kwa adabu, wakapiga makofi ya paredi.

"Kiswahili changu kibaya?" alimwuliza mwenyeji wake, Veneranda, mwalimu mstaafu wa mtaa wa Ipuli.

"Kizuri mno. Kama cha taarifa ya habari."

Siku ya nne jirani yao, mzee Mahona, akafariki, nao wakaenda mazikoni. Jeneza likiwa uani, akatokea mama mmoja wa Kigogo amevaa koti na kofia ya marehemu. Akakohoa kama alivyokuwa akikohoa mzee, kisha akalifokea jeneza: "Amka, mvivu we! Babu zako walibeba mizigo mpaka pwani, wewe hata jembe lilikushinda!"

Waombolezaji walicheka machozi yakiwatiririka. Mjane mwenyewe, Bi Kabula, alijishika mbavu.

Anselm aliona wivu. Miaka thelathini ya kazi! Akainuka, akaazima kofia, akakohoa. "Amka, mzee! Ugali unapoa!"

Mayala, mwana wa marehemu, alimshika mkono, akamtoa polepole hadi nje ya uzio.

"Nimekosea neno gani?" Anselm alimwuliza Veneranda aliyemfuata mbiombio.

"Neno hujakosea!" Veneranda alimjibu. "Yule ni mtani wetu. Wazee wetu wa huku Tabora walipita Ugogo na misafara ya pwani, wakagombana na Wagogo, wakapatana, ndipo utani ukazaliwa. Ana haki ya kututukana. Wewe ni mtani wa nani?"

"Sasa nifanye nini nichekeshe watu?"

"Leo? Unyamaze."

Baada ya maziko Anselm alikwenda kupiga magoti mbele ya mjane. "Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba, baba. Yameisha." Hakuwa na kinyongo hata chembe, na hilo lilimchoma Anselm zaidi. Bi Kabula akamgeukia Veneranda. "Ndiye huyu anayechekesha watoto? Aje kwenye arobaini. Tutakuwa tumezoeana kidogo."

Anselm alishukuru, akainamisha kichwa. Ndege yake ya kurudi Ujerumani ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyohiyo.