Kengele kwa Awamu

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba shule yetu ya bweni imeingia katika zama mpya za teknolojia. Yaani klabu ya kompyuta imetengeneza kengele inayopigwa na kompyuta.

Msimamizi wetu ni mwalimu wa hisabati, tunayemwita Kipeo. Alitukataza kuiunda programu yote kwa mpigo.

"Haba na haba," alisema. "Kila wiki mbili, kipande kimoja kinachofanya kazi. Waonyesheni watumiaji, wasikilizeni, rekebisheni. Hiyo ndiyo awamu."

Nikawasikiliza watumiaji. Bweni zima lilisema kipindi cha hisabati ni kirefu mno. Basi awamu ya kwanza nikakimega kipindi hicho dakika tatu, nikazitia kwenye mapumziko. Awamu ya pili, tatu nyingine. Ya tatu na ya nne, vivyo hivyo. Fundi hapuuzi maoni ya wateja.

Hata Kipeo hakulalamika. Havai saa, miaka yote kipindi hukipima kichwani. Kengele ikimkata katikati ya mfano, alibaki na chaki mkononi, akiutazama ubao kama mlango wa nyumba ya watu. Akaanza kufundisha mbiombio. Kisha akaacha utani.

Jana, kwenye mapitio ya awamu ya nne, alisema, "Wanangu, tukimaliza hapa naenda kwa mkuu wa shule kuomba kuacha kazi. Somo nililolimaliza miaka yote sasa linanishinda. Marehemu baba alianza hivihivi, mwisho akasahau majina yetu."

Alisema kama anayesoma ratiba. Nami sikuhisi kitu. Kifua kilikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Nilitamani angalau kuogopa.

Mwenzangu Betri, aliyeitwa hivyo kwa kuwa haishiwi maneno, alikuwa ameshaimulika programu ukutani kwa projekta, wote tuione.

"He! Mbona hisabati ina dakika ishirini na nane? Si ni arobaini? Mwalimu, kengele ina njaa hii, inakula kipindi chako! Nani kagusa hapa?"

Kompyuta huweka jina la kila anayebadilisha kitu. Betri alilisoma. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane, chaji ilimwishia.

Kipeo alinigeukia. "Wewe?"

Mdomo ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Mimi, mwalimu. Awamu zote nne. Kichwa chako ni kizima."