Hodi ya Kijiko

Mtaa mzima ulimjua kwa kigoda chake. Asubuhi alikuja nacho kwapani, akabisha hodi, akaingia, akakiweka pembeni na kukaa kimya kama mtu aliyefika kwenye msiba wa watu asiowajua. Kazi yake ilikuwa kuwatazama watoto wadogo wakilishwa. Hakuwalisha, hakuwapima, hakuwaletea kitu. Alitazama tu na kuandika nani ameshika kijiko, mtoto amegeuza shingo lini, na mama amefanya nini alipoigeuza. Wakubwa wa utafiti wa lishe uliomwajiri walikuwa na majina marefu ya mambo hayo yote. Akina mama, wasiopenda marefu, walimwita Dada Kigoda, na yeye akalipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Ilikuwa kazi ya nusu siku, ya mkataba mfupi, ya leo upo na kesho haupo. Lakini ilimpa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na kwa mwanamke ambaye tangu ajifungue alikuwa amehesabiwa miongoni mwa vyombo vya jikoni, kitambulisho kile kilikuwa na uzito wake. Kanuni zilikuwa chache: usikalie kiti cha mwenyeji, usile chake, usiseme neno. Mtu anayetazamwa hujirekebisha, kwa hiyo ujifanye si kitu mpaka akusahau. Dada Kigoda alikuwa hodari wa kusahauliwa.

Mara ya kwanza kuivunja kanuni ilikuwa nyumbani kwa fundi cherehani.

Fundi huyo aliishi na kushona katika chumba kimoja. Cherehani ilikuwa dirishani, kitanda nyuma ya pazia, na katikati alitambaa mwanawe wa kiume, mwenye mashavu ya kupulizia moto, ambaye majirani walimwita Bwana Mkubwa kwa jinsi alivyoitawala nyumba ile. Siku hiyo kulikuwa na gauni la mteja la kumaliza na Bwana Mkubwa alikuwa amegoma kula. Mama yake akamshika kidevu, akakisukuma kijiko. Pale pembeni, Dada Kigoda akasahau kwamba yeye si kitu.

"Usimlazimishe, dada," alisema. "Mdomo wa mtoto ni mlango. Mlango hubishwa hodi, hauvunjwi."

Fundi alitahayari, akaweka kijiko chini. "Kweli kabisa. Wala sikuwahi kuwaza hivyo."

Tangu hapo fundi akawa na mchezo wake. Aligusa mdomo wa mwanawe kwa ncha ya kijiko, akasema, "Hodi!" Bwana Mkubwa akacheka, na mlango ukafunguka wenyewe. Majirani wakaiga. Hodi ikavuka ukuta hadi nyumba ya pili na ya tatu, na kila ilipotajwa jina la Dada Kigoda lilitajwa nayo. Jioni zile alirudi nyumbani akiwa amerefuka kidogo.

Nyumbani kwake, hata hivyo, hakukuwa na mtu wa kukaa pembeni.

Kulikuwa na Chiriku, binti yake wa miaka mitatu kasoro, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika ila mbele ya bakuli. Hapo ulifungwa ukafungika. Alikuwa mwembamba kama baba yake na kama ukoo mzima wa baba yake, akiwemo mama mkwe, ambaye ukimtazama ubavuni ungedhani ameegemezwa tu ukutani kama ufagio. Lakini mwenyewe hakuliona hilo.

"Wenzangu wananiuliza," alisema mama mkwe siku moja, akimpapasa mjukuu mbavu, "huyo mkamwana wako si ndiye anayefundisha watu kulisha watoto? Sasa huyu wa kwake analishwa na nani, upepo?"

Akacheka. Alikuwa mcheshi mama huyo. Mganga hajigangi, Dada Kigoda alijiambia, lakini methali haishibishi mtoto.

Basi uji ukawa vita. Alianza kwa kubembeleza, akaja kwenye ahadi, kisha kwenye vitisho. Halafu jioni moja, akiwa hoi na mama mkwe akitazamiwa wakati wowote, alimlaza mwanawe mapajani chali, akambana miguu kwa miguu yake, akamziba pua. Mtoto asiye na pua ya kupumulia hana budi kufungua mdomo. Kijiko kikaingia. "Meza. Meza nikuone." Bakuli likaisha, mtoto akalia, mama naye akalia, akaapa kwamba hatarudia tena.

Alirudia. Pakishapitwa mara moja huwa njia. Chiriku akanenepa kidogo, mama mkwe akaacha utani, na kimya kile kikawa kitamu kiasi cha kumfanya mtu asahau alikinunua kwa bei gani. Lakini hakusahau kabisa. Kila jioni, kabla ya kumlaza mtoto mapajani, alifunga dirisha kwanza. Hakuna mtu afungaye dirisha kwa jambo analojivunia, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutazama.

Siku moja jirani aliyekuwa akikaa na Chiriku asubuhi aliugua. Siku ile ilikuwa zamu ya fundi cherehani, na mradi haukuwa na huruma kwa wanaoahirisha. Akambeba mtoto.

"Leo umekuja na msaidizi!" fundi alifurahi. "Karibu, bibi mdogo. Njoo uone nilichomshonea Bwana Mkubwa." Akampa mwanasesere wa vipande vya nguo, mwenye macho ya vifungo na nywele za uzi mwekundu. Chiriku akampokea huku akieleza, bila kuulizwa, kwamba kwao kuna paka, na paka huyo si wa kwao.

Dada Kigoda akakaa pembeni. Fundi akachukua bakuli. "Hodi!" Kicheko, na mlango ukafunguka. "Hodi!" Kicheko tena. Chiriku akaacha habari za paka. Alimtazama fundi, akamtazama mtoto, akaukunja uso kama mtu mzima anayeona kazi inafanywa ovyo.

Kisha akaketi sakafuni, miguuni pa kigoda. Akamlaza mwanasesere mapajani chali. Akaipitisha miguu yake juu ya miguu ile ya vitambaa na kuibana. Mwanasesere hakuwa na pua, lakini Chiriku aliikuta mahali pake, akaufinya uso wa nguo kwa vidole viwili, na kwa mkono wa pili akasukuma kidole mdomoni.

"Meza," alisema. Haikuwa sauti ya mtoto. "Meza nikuone. Bibi akija atasema nini?"

Kijiko cha fundi kilikwama hewani. Bwana Mkubwa alibaki ameachama, akisubiri.

"Mwanangu," fundi alisema polepole, "huyo mtoto hawezi kupumua hivyo."

"Akifungua mdomo atapumua," Chiriku akamfundisha.

Aibu ilianza masikioni mwa Dada Kigoda ikashuka mpaka magotini. Kanuni ilimtaka anyamaze, na kwa mara ya kwanza kunyamaza kulikuwa ndiko heshima pekee iliyobaki. Lakini ulimi ukamtangulia.

"Watoto hawa!" alisema, akacheka kicheko kikavu. "Sijui haya ameyaona wapi."

Chiriku akainua uso. Jibu alilijua, na hakuwa mtoto wa kukaa na jibu. Alikwisha kuvuta pumzi alipokutana na macho ya mama yake. Sijui aliona nini humo. Aliufunga mdomo wake taratibu, vilevile alivyoufunga mbele ya bakuli, na hakusema tena.

Fundi aliinama, akampangusa mwanawe shavu lililokuwa safi. "Watoto huokota mengi njiani," alisema. Hakumtazama mgeni wake, wala hakutaja hodi. Alimlisha mwanawe kimyakimya hadi mwisho, na wema huo ulimuuma Dada Kigoda kuliko kama angetukanwa. Matusi angeweza kuyajibu.

Walirudi kwa miguu. Chiriku, ambaye kwa kawaida angempa kila mbuzi jina lake, alitembea kimya.

"Una nini, mwanangu?"

"Yule mtoto hajui kula."

"Kwa nini?"

"Anacheka."

Dada Kigoda alihamisha kigoda kutoka kwapa hili hadi lile. Mbele yao barabara ilikuwa na watu wengi, wengine wakimpungia mkono na kumwita kwa jina lake zuri. Aliwaitikia wote, akiona haya kwa kila mmoja.

Jioni alipika uji, akaupooza, akaumimina katika bakuli dogo. Dirisha aliliacha wazi. Bakuli aliliweka mkekani, na kwa mara ya kwanza tangu akipate, alikiweka kigoda katika pembe ya nyumba yake mwenyewe, akakaa, mikono juu ya mapaja. Hakuwa na kalamu.

"Njoo, Chiriku. Uji huu hapa."

Mtoto alisimama mlangoni pa chumba. Akatazama bakuli, akatazama mama, akatazama dirisha. Kisha, kwa utiifu wa mtu anayejua kazi yake, alikwenda dirishani, akasimama kwa ncha za vidole, akalivuta mpaka likafungika. Akarudi. Akapanda mapajani, akalala chali, akapanga miguu yake pale ilipozoea kubanwa. Akafumba macho. Halafu akainua mkono, akajiziba pua kwa vidole vyake mwenyewe, akafungua mdomo na kusubiri.

Mama alimwinua, akamkalisha, akamkumbatia mpaka mtoto, vidole bado viko puani, akalalamika kwamba anabanwa. Neno hilo likamfanya amwachie upesi. Akainuka, akalifungua dirisha, na kupitia hapo ikaja sauti aliyoijua, yenye kicheko mbele.

"Hodi wenyewe! Mjukuu wangu ameshakula?"

Bakuli lilikuwa limejaa, halijaguswa. Uongo ulimjia tena, mwepesi kama ule wa asubuhi. Aliuacha upite.

"Karibu, mama. Mlango uko wazi," alisema. "Bado hajala."

Akapiga magoti mkekani, akamnyooshea mwanawe kijiko, mpini mbele. Chiriku alikitazama muda mrefu. Hatua za bibi zilikuwa zimefika kizingitini alipokipokea kwa mkono mmoja. Ule mwingine haukutoka puani.