Pazia la Chumba cha Nyuma

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakutaka kabisa utibiwe: hakumwamini mtu mpaka amjaribu. Kwa miaka arobaini ya kushona nguo za watu, kila aliyekuja kujifunza kazi kwake alipewa shati siku ya kwanza, akaambiwa alipige pasi na kulikunja. Shati hilo mkono mmoja ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole. Aliyelikunja kimya kimya alishukuriwa, akapewa chai, na hakuitwa tena. Aliyesema, "Fundi, hili shati lina kasoro," alipewa kiti na cherehani siku hiyo hiyo.

Sasa alikuwa anauza nyumba, na alikusudia kumpata dalali kwa njia ile ile.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, ngazi kumi na nne, na magoti yake yalikuwa yamezihesabu zote mpaka yakachoka. Lakini magoti ni kisingizio cha kuwaambia majirani. Ukweli ni kwamba mdogo wake, aliyekuwa akiishi mji mwingine, alimpigia simu akitetemeka kwa furaha kumwambia kuwa vyumba viwili vya chini, mlango kwa mlango na vyake, vinauzwa. Alimtumia na picha. Mwenye vyumba hivyo alikuwa amekubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi. "Baada ya hapo simjui mtu," alisema. Ndugu hawa wawili walikuwa hawajawahi kukaa karibu tangu mdogo alipoolewa, miaka thelathini na moja iliyopita. Waliishi kwa simu, kila jioni, mpaka sikio linapata moto. Fundi alivitaka vile vyumba kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka tangu anunue cherehani yake ya kwanza.

Nyumba yenyewe ilikuwa imara, ila ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa unalia. Mvua ikipiga, doa la unyevu lilichomoza likiwa na ukubwa wa sinia, likanuka. Fundi aliwahi kulipaka rangi mara tatu, nalo likarudi mara tatu. Basi akachukua kitambaa kizito cha kijani, akashona pazia la kutoka darini hadi sakafuni, lenye bitana na marinda yaliyolala sawasawa, akalitundika ukuta mzima. Mtu angeapa kuna dirisha kubwa nyuma yake. Akajiambia, dalali atakayeinua pazia hili ndiye wangu.

Wa kwanza alikuwa Bwana Marashi, ambaye harufu yake iliingia kabla yake na ikabaki baada yake. Hakugusa kitu. Alizunguka na simu juu, akisema "safi, safi sana" hata mbele ya choo. Kabla jua halijazama nyumba ilikuwa mtandaoni, bila hata ya kumwuliza mwenyewe. Kwenye picha sebule imekuwa ukumbi wa harusi, na ua wake wa saruji umeota nyasi. Fundi alizitazama zile picha, akampigia.

"Nimeiona nyumba uliyoitangaza. Nzuri mno. Ukimpata mwenyewe, mwambie naitaka."

"Mama, hiyo si ni yako?"

"Yangu haina nyasi. Iondoe huko kabla sijamaliza chai yangu."

Wa pili hakufika. Alitaka kwanza atumiwe nauli, akaambiwa abaki huko huko aliko.

Wa tatu watu walimwita Futi, kwa sababu hakutembea bila futi kamba kiunoni. Alikuwa mfupi, mwenye daftari dogo na adabu nyingi. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

Kabla hata ya kukaa aliomba kuona hati ya nyumba. Aliisoma yote, akauliza kama kuna ndugu yeyote mwenye haki ndani yake. Kisha akamwandikia namba tatu za watu aliowahi kuwauzia. "Huyu wa mwisho tuligombana," alisema. "Nimekuwekea makusudi. Mpigie." Fundi alimpigia pale pale, Futi mwenyewe akisikia. Yule mtu alinung'unika weee, mwishowe akasema, "Ni mbishi kupindukia. Lakini kunidanganya, hakunidanganya."

Fundi alipotaja bei anayoitaka, Futi aliweka kalamu chini.

"Hiyo ni bei ya mapenzi, mama. Mnunuzi hakulea watoto humu."

Fundi akacheka, na alikuwa hajacheka na dalali tangu azaliwe. Akaanza kumpenda, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Futi alipima kila chumba. Alifungua mabomba, akafungua makabati, akapanda mpaka kwenye tangi. Alikuja siku ya pili saa nne asubuhi kwa sababu aliona saa hiyo ndiyo mwanga unaingia sebuleni, akasogeza ndoo na kandambili, akapiga picha. "Mimi nafagia, sipambi," alisema. "Mtu akija akute kile alichokiona kwenye simu, asiachane na mimi mlangoni."

Walipofika chumba cha nyuma, Fundi alibaki mlangoni. Futi alisimama mbele ya pazia. Akainama, akashika pindo kwa vidole viwili, akaligeuza. Sasa, Fundi akasema moyoni, inua.

"Hili umeshona mwenyewe, mama?"

"Mwenyewe."

"Pindo kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Futi alipiga mluzi. "Sijawahi kuona mishono inajificha hivi." Akarudi nyuma hatua tatu, akapiga picha, akatoka.

Kwa sheria ya Fundi, hapo ilikuwa asante na chai. Lakini katika miaka arobaini wateja walisifu rangi, walisifu mtindo, walisifu vifungo ambavyo hakuvitengeneza yeye, na hakuna hata mmoja aliyegeuza pindo kutazama kazi ya ndani. Akajidanganya kwamba kijana atarudi na ataliinua siku nyingine. Kwa mtu anayejigamba kuwajua waongo, alijiongopea vizuri sana.

Tangazo lilikuwa la heshima: vipimo, hati safi, umbali wa kwenda barabarani, bei bila porojo. Ila picha ya kwanza ilikuwa pazia. Futi alisema picha ya kwanza ndiyo inayomsimamisha mtu anayepita mbio mtandaoni, na kweli walisimama. Walisimama kwa pazia. "Pazia linauzwa?" aliuliza mmoja. "Namba ya fundi tafadhali," akaandika mwingine. "Hiyo nyumba kaeni nayo, mimi nipeni pazia." Futi alimsomea yote, wakacheka mpaka machozi, ila Fundi aliacha kucheka kabla yake.

Alhamisi, Futi akiwa sebuleni kwa Fundi, simu yake ikaita, akaiweka kwenye spika. Ilikuwa sauti ya mwanamke. Mumewe ni mwalimu wa udereva, wameipenda nyumba, bei hawana neno nayo. Ana swali moja tu.

"Mama yangu ana pumu. Tunataka tumweke chumba cha nyuma. Ni kikavu?"

"Kikavu," alisema Futi bila kusita. "Nimekikagua mwenyewe."

Fundi alikuwa ameshika birika. Maneno yalimfika mdomoni, akayameza. Wakikataa hawa, mwezi unakwisha Jumatatu, na mlango wa jirani na mdogo wake utafunguliwa na mtu mwingine. Akamimina chai. Aliona aibu, na akanyamaza hivyo hivyo.

Jumamosi walikuja watatu: mwalimu, mkewe, na mama wa mke, bibi mwembamba aliyeshika dawa yake ya kuvuta mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Bibi alizipita ngazi za kwenda juu bila kuzitazama, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akaketi ukingoni mwa kitanda, akavuta pumzi ndefu kwa raha ya mtu aliyefika.

"Hapa patanifaa," alisema. "Kitanda changu tutakiweka pale, kichwa kwenye pazia."

Fundi alikwenda akalivuta pazia lote kwa mkono mmoja.

Doa lilikuwa limekua. Rangi ilikuwa imevimba na kupasuka, na harufu ikatoka mara moja. Mwalimu alimtazama Futi, na Futi alikuwa anautazama ukuta.

"Mama," alisema Futi taratibu, "ulijua?"

"Nilijua. Nililitundika kukujaribu. Nilitaka nione kama utaliinua."

"Kunijaribu." Alilirudia neno hilo. Halafu, badala ya kumgeukia Fundi, aliwageukia wale wageni. "Kosa ni langu. Nilisema nimekagua, na sikuinua pazia. Niwieni radhi. Bibi, naomba utoke humu, hewa hii si nzuri kwako."

"Si lake," Fundi akadakia. "Ni langu. Juzi alipowaambia ni kikavu nilikuwa hapo hapo na birika mkononi, nikanyamaza."

"Ni langu, mimi ndiye niliyesema."

"Gombaneni nje," alisema bibi, akiinuka. "Mimi nisaidieni kwanza nitoke."

Waliondoka wakisema watafikiria, kwa sauti ambayo kila muuzaji anaijua. Fundi alibaki uani na Futi. Alitegemea kufokewa, na kwa kweli alitamani afokewe. Futi alitoa simu, akaliondoa tangazo, akaingiza simu mfukoni.

"Miaka yote hii sijawahi kuweka picha ya uongo mtandaoni," alisema. "Ya kwanza ni hii."

Fundi aliinamisha kichwa. Mashati yote aliyowapa watu wakunje, hakuwahi kufikiria upande wa yule anayekunja.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshakusamehe. Lakini nikilirudisha tangazo, linarudi na ukuta. Na kabla sijalirudisha, niambie. Kuna kingine?"

"Unanichunguza mimi sasa?"

"Ndiyo. Wewe ulitafuta dalali, na mimi natafuta mteja. Kuna kingine?"

Fundi alimshika mkono, wakaanza mlangoni. Kitasa ni lazima ukiinue kidogo ndipo kifunge. Ngazi ya tatu inacheza. Bomba la jikoni hufungwa mara mbili, ya kwanza ni ya kulibembeleza. Jirani ana jogoo asiyejua saa. Futi aliandika, akijaza ukurasa, na kadiri ukurasa ulivyojaa ndivyo Fundi alivyonyooka mgongo, mpaka akawa anasema kwa majivuno, kwa kuwa hakuna aliyeijua nyumba ile kumshinda. Jioni tangazo lilirudi. Picha ya kwanza ilikuwa ukuta, mtupu, na chini yake maneno aliyoyasema Fundi mwenyewe: "Ukuta huu unavuja mvua ikinyesha. Vilivyobaki vibovu vimeandikwa hapa chini. Vilivyobaki vizuri njoo uvione."

Hakuna aliyeulizia pazia. Simu zilikuwa mbili, na ya pili ilikuwa ya mtu aliyekosea namba.

Jumapili mchana mwalimu wa udereva alirudi, bila wanawake, akiwa na mwashi. Mwashi alibandua plasta, akapanda juu, akashuka na majani machafu mkononi.

"Maji hayatoki chini," alisema. "Mfereji wa bati umeziba, yanageukia ndani. Kazi ya siku mbili. Kisha mwache ukuta ukauke vizuri."

Mwalimu alijikuna kichwa. "Mama mkwe atalala chumba cha mbele mpaka ukauke. Tangu jana hatukai kwa amani. Anasema nyumba za watu wanaoficha ameshaona nyingi, anaitaka ya yule mama aliyefunua. Mnipunguzie gharama ya mwashi, tumalize."

Futi alimtazama Fundi. Hakumkonyeza wala hakumsukuma, alingoja.

"Punguza," alisema Fundi. "Na mfereji pia ni juu yangu."

Jumatatu asubuhi walitia saini kwa mwanasheria, Futi akisoma kila ukurasa kwa sauti mpaka mwanasheria akaanza kutazama saa. Kabla ya adhuhuri mwenye vile vyumba viwili alikuwa ameshapata jibu lake. Fundi aliketi kwenye ngazi ya tatu, ile inayocheza, akampigia mdogo wake. Alimweleza yote, kuanzia pazia mpaka mwashi, bila kujipendelea. Alitegemea vigelegele.

"Dada," alisema mdogo wake. "Zile picha za vyumba nilizokutumia. Uliliona lile kabati?"

"Nililiona. Kabati zuri."

"Nililisogeza mimi. Nyuma yake kuna ufa."

Fundi alifumba macho. "Mkubwa?"

"Kidole kinapita. Nimeuficha mwezi mzima. Niliogopa ukiuona hutakuja." Sauti yake ilikatika. "Ufa huo umepita mpaka upande wangu. Nikilala kitandani naona mwanga wa chumba chako."

Fundi alicheka, na alipotaka kujibu akakuta analia, vyote viwili kwa pamoja, mpaka ikabidi aishike simu kwa mikono miwili.

"Basi usiuzibe," alisema. "Nakuja."