Sura ya Selestini, Jina la Wema

Lebo ya dagaa wao ilikuwa moja: juu "Dagaa wa Mama Wema", chini sura ya mama mwenyewe anacheka. Wanawe, Wema na mdogo wake Selestini, waliuza pamoja soko la Mwanga, mbele ya meza yangu ya mawese.

Akaja wakili Aikande, mgeni hapa kwetu Kigoma. "Mkisajili lebo nzima tu, mtu akiiba jina peke yake au picha peke yake, kumbana ni kazi. Sajilini kila kipande."

Ushauri mzuri. Ugomvi wangu ni na hao wawili, maana waligawana vipande kama wavuvi wanavyogawana samaki ufukweni. Wema akaandikisha jina, kwa kuwa lina Wema ndani yake. Selestini akaandikisha sura, kwa kuwa amefanana na mama. Vyeti vilipotoka wakanuniana, kila mtu na meza yake.

Selestini akapiga marufuku sura yake kuonekana kwa Wema, ikabidi mama akienda huko ajifunike khanga uso mzima. Wema naye akasema, "Nikisikia 'Mama Wema' mezani kwako, tutaonana kwa wakili!" Selestini akawa anamwita mzazi wake "huyu wa kwenye picha".

Bibi wa miaka sabini na mbili! Nilikasirika hadi nikamwaga mawese.

Alhamisi mama alikuwa anavuka barabara ya sokoni kwenda kwa Wema, khanga hadi kidevuni, haoni kitu. Lori la mihogo likaanza kurudi nyuma.

"Wa kwenye picha!" Selestini akapiga kelele. Mama anatembea tu.

"Mama Selestini!"

Hakugeuka. Tangu azaliwe kijana huyo, nani aliwahi kumwita mama yake hivyo?

"Mama Wema! Mama Wema, simama!"

Akasimama. Lori likapita mbele yake. Wema akaja mbio, akamvua khanga usoni, akamkumbatia mbele ya soko zima huku analia, na Selestini akawashika wote wawili. Na mimi nililia, sitaki kuficha.

Aikande alikuwa kwangu ananunua mawese. Mama akamwita.

"Mwanangu, una fomu nyingine?"

"Ya kusajili nini, mama?"

"Watoto wangu."

Aikande akacheka. "Haya. Nianze na yupi?"

"Hapana," mama akasema, kawashika mikono. "Hawa niandikie pamoja. Vipande nimechoka."